Mwaka wa Kubeba Salamu

Jubilei ya Sista Matilda ilifanyika Jumamosi moja mwaka huu, kwenye ukumbi wa watawa chini ya mlima, na wengi tuliowahi kufanya kazi hospitalini chini yake tulialikwa. Nilimkuta amekaa meza ya mbele, amepungua mwili, lakini macho yakiwa yale yale ya kumkagua mtu kuanzia kola hadi viatu. Nilipoinama kumpa shikamoo alinishika mkono, hakuuachia, akamwambia mtawa kijana aliyekaa karibu naye, "Huyu ndiye Idrisa wa getini." Watu wakacheka. Mimi sasa ni kiongozi wa wodi katika hospitali nyingine, ndevu zangu zimeshaingia mvi mbili tatu, mtoto wangu wa kwanza ameanza chekechea, lakini kwa Sista nitabaki kuwa wa getini na sina kinyongo na jina hilo. Felista, binti wa mgonjwa wangu mmoja wa mwaka wa kwanza wa kazi, naye alikuwepo, ameshuka kutoka Matombo, milimani, na kapu la magimbi kuwa zawadi. Tulikaa meza moja tukala pilau, na katikati ya chakula akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mama yake alifariki wakati wa masika, nyumbani, mchana, baada ya kunywa chai. "Alikutaja siku za mwisho," akasema. "Alisema, yule Mwislamu wangu wa hospitali mkimwona mpeni pole, maana nilimsumbua." Nikamjibu kwamba aliyesumbua ni mimi. Na tangu siku ile nimekuwa nikiurudia mwaka ule kichwani, chumba kwa chumba.

Ulikuwa mwaka wa korona na pia mwaka wangu wa kwanza wa ajira. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Mwembesongo kwa mama mmoja mjane, Mama Zuhura, nyumba isiyo na dari, kwa hiyo kilichosemwa chumba cha kwanza kilisikika hadi cha sita. Ndivyo nilivyousikia ugonjwa kabla sijauona. Asubuhi nikijiandaa kwenda kazini nilikuwa nasikia wapangaji wakibishana kama unaingia kwa pua au kwa mikono, kama unakufa kwa jua, kama watu wa milimani wana damu nzito zaidi. Mama Zuhura hakubishana na mtu. Aliweka sufuria ya majani ya mwarobaini, mchaichai na malimau uani, akanifunika shuka nijifukize kila nikitoka kazini, na kabla ya hapo ilikuwa lazima nivue sare nyuma ya nyumba na kuiloweka kwenye beseni langu peke yangu. Nilikuwa muuguzi mwenye stashahada, nilijua mvuke ule unafanya nini na haufanyi nini, lakini nilikaa chini ya shuka kila siku, natokwa jasho, namsikia akiniombea dua kwa sauti ya chini upande wa pili. Sasa nikifikiri, sidhani kama kuna mahali nililelewa vizuri zaidi mwaka ule kuliko chini ya shuka lile.

Hospitali tuliyofanyia kazi ilikuwa na desturi yake kabla ya hapo. Mara tatu kwa siku kengele iligongwa na ndugu wa wagonjwa wakaingia kwa wingi, wameshika hotpoti na chupa za uji, watoto wamevalishwa nguo za sikukuu, shangazi wanane wamezunguka kitanda kimoja. Sisi wauguzi wapya tulikuwa tunalalamika kwamba hatuwezi kupita na toroli la dawa. Kisha ndani ya wiki moja kila kitu kikageuka. Wagonjwa wa presha na sukari walipewa dawa za miezi miwili waondoke wasirudi kukaa kwenye mabenchi. Operesheni ambazo hazikuwa za dharura ziliahirishwa, na daktari bingwa wa mifupa aliyekuwa akija kutoka Dar kila mwezi akaacha kuja. Vitanda vilitenganishwa, wodi ndogo ya nyuma ikafanywa ya wenye kubanwa kifua, na kamba ikafungwa getini: ndugu haingii, chakula kinapokelewa, salamu zinapelekwa. Kengele haikugongwa tena. Siku ya kwanza, saa ya kuona wagonjwa ilipofika, wodi nzima iligeuza macho mlangoni, na mlangoni hakukuwa na mtu.

"Idrisa, wewe una sauti na una miguu," Sista Matilda akaniambia. "Utakaa getini." Nilikasirika. Nilisoma miaka mitatu nijue kumhudumia mgonjwa, na sasa nawekwa chini ya turubai na meza, ndoo ya maji yenye bomba, sabuni ya kipande, kipima joto cha paji la uso ambacho wazee walikikwepa wakidhani ni bastola, na daftari. Ndugu walisimama nje ya kamba, wameziba midomo kwa barakoa za kitenge zilizoshonwa na mafundi wa sokoni, na kila mmoja alikuwa na maneno. Mwambie Hamisi kaka yake amepata kazi. Mwambie mama mtoto ameanza kusimama. Mwulize baba ufunguo wa kabati uko wapi. Niliandika haraka, nikabeba hotpoti, nikapita vitandani nikigawa chakula na salamu, na kwa kuwa walikuwa wengi nikajifunza kufupisha. Mtu alizungumza dakika tano kule nje, mimi ndani nikasema, "Wazima, wanakusalimu, wanakuombea." Niliona nafanya kazi vizuri. Nilikuwa namaliza wodi nne kabla uji haujapoa.

Bibi Skolastika alikuwa kitanda cha mwisho, wodi ya wanawake, dirishani. Alianguka kutoka kwenye ngazi akichuma pilipili manga huko kwao, juu kidogo ya Matombo, akavunjika nyonga. Mwaka mwingine angefanyiwa operesheni akainuliwa mapema. Mwaka ule ilibidi alazwe chali, mguu umefungwa kamba iliyopita kwenye kigurudumu na kuning'inizwa uzito mwisho wa kitanda, ukae hivyo wiki hadi wiki mfupa ujishike wenyewe. Hakulalamika. Aliuangalia mlima dirishani, na kila nilipofika na chakula alichokituma binti yake Felista kwa gari la ndizi aliniuliza, "Wamesemaje?" Nikisema wanakusalimu, alirudia, "Ndiyo, lakini wamesemaje?" Nilidhani ni usahaulifu wa uzee. Barakoa yangu ilikuwa inameza nusu ya maneno, naye masikio yalikuwa mazito kidogo, kwa hiyo niliinua tu sauti: wanakusalimu, bibi.

Mumewe, Mzee Kolumba, alishuka mwenyewe siku moja ya mvua kubwa, Ramadhani ikiwa imeanza. Alikuwa mrefu, mkimya, koti limelowa, na aliposimama kwenye kamba alivua kofia kana kwamba anaingia kanisani. Alizungumza polepole, akisimama kutafuta neno la Kiswahili pale la Kiluguru lilipokuja kwanza. Mimi nilikuwa na foleni nyuma yake na funga kichwani, harufu ya hotpoti ishirini puani. Nilisikiliza kwa sikio moja. Nilipofika kitanda cha mwisho nilisema hivi, nakumbuka kila neno: "Bibi, mzee amekuja. Anakusalimu. Anasema jiko lako amelibomoa. Anasema usiwe na haraka ya kurudi." Kisha nikaweka hotpoti nikaondoka.

Jioni nilikuta chakula hakijaguswa. Kesho yake vivyo hivyo. Alikunywa maji vijiko viwili, akageuzia uso dirishani. Hakulia wala kumgombeza mtu, na mama wa kitanda cha jirani aliponinong'oneza, "Huyu bibi amekata tamaa, sijui mmemwambia nini," nilimjibu kwamba hakuna aliyemwambia kitu. Siku ya tatu Sista Matilda alinikuta pale nikimsihi anywe uji. Alinivuta pembeni. "Wewe unafunga kwa ajili ya Mungu," akasema. "Yule anafunga kwa ajili ya nini?" Nikamwambia sijui. Akaniuliza mara ya mwisho ndugu walileta habari gani, nami nikamsomea kutoka daftarini mistari yangu miwili. Alilitazama daftari. Kisha akauliza, "Ndivyo mzee alivyosema?"

"Ndivyo. Kwa kifupi."

"Mwanamke yuko hapa mwezi mzima, hajaona mtu wa kwake hata mmoja. Unamwambia jiko lake limebomolewa na mume anasema asiwe na haraka ya kurudi. Ungekuwa wewe ungeelewaje?" Hakupandisha sauti. "Mtu wa umri ule akilala chali bila kula, mfupa hautakuwa tatizo tena, Idrisa. Kitachoka kifua. Nenda ukalete kwa kirefu."

Nilijaribu simu kwanza. Mzee hakuwa nayo, na ya Felista haikupatikana; kwao mtandao ulishika sehemu moja tu, juu karibu na kanisa, na umeme wa kuchajia ulikuwa wa kuomba. Nilikuwa na mapumziko Jumapili. Kabla ya alfajiri nilikula daku kwa Mama Zuhura, viazi vitamu na chai ya tangawizi, na jua lilipochomoza nilikuwa nimekaa mbele kwenye fuso lililoshusha ndizi sokoni na kurudi Matombo tupu. Dereva alinitaka nifungue dirisha lote na nisigeuze uso kwake, tukazungumza hivyo, kila mtu akiangalia upande wake. Tulikwama kwenye matope mara mbili. Nilisukuma na sare yangu safi ya kazi, niliyoivaa makusudi ili mzee ajue nimekuja kwa kazi, na nilipofika kwao baada ya kupanda kwa miguu katikati ya migomba nilikuwa na rangi ya udongo hadi kifuani, na njaa, na aibu iliyozidi njaa. Niliogopa pia. Mwenzetu mmoja wa wodi ya nyuma alikuwa ameshaugua na kulazwa, akapona, lakini sote tulikuwa tunahesabu pumzi zetu, na sikutaka kuwa mimi niliyepandisha ugonjwa ule mlimani. Nikasimama mwisho wa uwanja, nikapiga hodi kutoka mbali.

Mzee Kolumba alikuwa anakandika ukuta. Alikuwa peke yake, udongo umefika viwikoni, na mbele yake kibanda kipya cha jiko kilikuwa kimesimama nusu, miti imefungwa kwa kamba za mgomba, paa bado. Aliponitambua aliacha mikono ikining'inia. Nilielewa anafikiri nini, nikawahi kusema, "Mzima, mzee. Shikamoo. Bibi yu mzima." Akaketi chini pale pale kwenye udongo. Felista akatoka na kigoda, akakiweka katikati ya uwanja, akarudi nyuma, nami nikakaa nikamweleza nilichomwambia mkewe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema zaidi ya hivyo, mzee. Mimi ndiye niliyekata."

Felista aliziba uso kwa khanga. Sikujua kama analia au anacheka, na baadaye aliniambia yote mawili. Nikatoa daftari nikamwomba mzee aseme tena, yote, na pole pole. Alisema mvua iliangusha ukuta wa jiko usiku wa Jumanne, kwa hiyo amelibomoa lote maana miti ilikuwa imeoza. Analijenga tena mahali pale pale. Mlango anauweka upande wa mashariki, ambako Skolastika alitaka uwe tangu walipooana, ili akipika aone njia ya shuleni, na yeye akakataa kwa sababu ya upepo. Upepo atauwekea kizuizi. Meko atayapandisha juu asiiname. Asiwe na haraka ya kurudi maana udongo haujakauka, na mguu ukiharakishwa utapinda. Kisha akachezea udongo vidoleni, nami kwa mara ya kwanza tangu niwekwe getini sikumharakisha mtu. Akasema, "Mwambie nyumba haina sauti." Akaniangalia kama nimeliandika. Nililiandika.

Jumatatu sikuanza na wodi ya kwanza. Nilivuta kiti mpaka kitanda cha mwisho, nikaketi, nikasema, "Bibi, nilikudanganya bila kukusudia. Nimetoka kwenu jana." Hapo aligeuka. Nikamsomea kurasa tatu. Nilisoma kama mzee alivyosema, pamoja na pale alipositasita. Nilipofika kwenye mlango alininyooshea kidole nirudie.

"Mashariki?"

"Mashariki, bibi."

"Yeye mwenyewe amesema, au umeongezea kwa kunionea huruma?"

"Nimeuona mlango wenyewe. Fremu imeshasimama."

"Miaka arobaini na kitu namwambia," akasema, na midomo ikaanza kumcheza. Nilipomaliza la mwisho, lile la nyumba, aliutazama mlima. Kisha akauliza uji uko wapi. Nikamletea, nikamwinua kichwa kidogo, nikaweka kijiko mdomoni. Baada ya kijiko cha tatu alinisimamisha. "Umefunga, mjukuu wangu?"

"Nimefunga, bibi."

"Basi tazama huko, nisikutamanishe."

Nilitazama huko, nikalisha kwa kubahatisha, nusu ya uji ikaishia kwenye shuka, na mama wa kitanda cha jirani alicheka mpaka akashika mshono wake. Siku ile nilifuturu kwa Mama Zuhura uji wa pilipili manga, tambi na magimbi, na sijawahi kula chakula kitamu vile tena. Wapangaji walikuwa wanabishana kuhusu barakoa. Mimi nilikula tu, nikasikiliza.

Kuanzia hapo nilibadilika, na si kwa sababu Sista alinifokea, maana hakunifokea. Nilianza kuandika maneno kama yalivyotoka kinywani. Kazi ikawa nzito, foleni ikarefuka, ikabidi niombe mwenzangu mmoja anisaidie mchana. Lakini mwanamume aliyekuwa anasubiri operesheni yake ya ngiri iliyoahirishwa mara tatu alipata kusikia kwamba mdogo wake amejaribu kulima kwa ng'ombe wake na ng'ombe wamemburuta mpaka mtoni, akacheka siku nzima. Yalikuwepo na mazito. Mwalimu mmoja alifia wodi ya nyuma, na mkewe alikuwa pale nje ya kamba tangu asubuhi. Aliniuliza kama alisema neno. Nilikuwa na nafasi ya kutunga kitu kizuri, na mwaka huo huo miezi michache nyuma ningetunga. Nikamwambia alichosema: "Mwambie suruali ya kijivu bado iko kwa fundi." Mama yule alishika kamba kwa mikono miwili. Akalia sana. Kisha katikati ya kilio nikamsikia akisema, "Ni yeye huyo, ni yeye kabisa," na uso wake ukapata kitu ambacho maneno yangu ya kutunga yasingempa. Mpaka leo wauguzi wapya wakija kwenye wodi yangu, kabla sijawaonyesha mahali pa dawa, nawafundisha kupeleka maneno ya mtu bila kuyakata. Wengine huniona mzee wa mambo madogo. Sijali.

Masika yaliisha, Idi ikapita, upepo wa baridi ukaanza kushuka kutoka mlimani asubuhi, na polepole hospitali ikalegeza masharti: ndugu mmoja kwa mgonjwa, kwa zamu, mikono imeoshwa. Mfupa wa Bibi Skolastika ulishika. Kamba ilifunguliwa, uzito ukaondolewa, na kwa wiki mbili nilimfundisha kusimama, kisha kupiga hatua na fremu ya chuma, kwa kuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo naye aliacha kuja tangu masharti yaanze. Aliapa kwa Kiluguru kila hatua. Siku ya kuruhusiwa alikataa kiti cha magurudumu. Alisema alibebwa kuingia, atatembea kutoka. Tulichukua karibu nusu saa kutoka wodini hadi getini, yeye na fremu yake mbele, mimi nyuma nimetanua mikono kama mtu anayefukuza kuku.

Mzee Kolumba alikuwa amesimama pale na koti lake la kanisani. Zamu za kuingia wodini alizichukua Felista, na wao wawili walikuwa hawajaonana tangu kabla ya mvua. Nilitarajia kitu, sijui nini. Walitazamana juu ya barakoa zao.

"Umenenepa," mzee akasema.

"Wamenilisha. Wewe umekonda. Nani amekufulia hilo shati?"

"Mwenyewe."

"Linaonekana."

Kandambili ya kushoto ya bibi ilikuwa imetoka kidogo mguuni, na hakuweza kuinama. Mzee aliona. Akapiga goti kwenye changarawe, akaushika ule mguu wa upande uliovunjika kwa mikono yote miwili, akaurudisha taratibu ndani ya kandambili. Bibi aliachia mkono mmoja kutoka kwenye fremu, akauweka juu ya kichwa cha mumewe ili asiyumbe. Kandambili ilikaa sawa, lakini mkono haukuondoka, na mzee hakuinuka. Mimi nilikuwa nimesimama kando yao na midomo wazi chini ya barakoa, kwa mazoea tu, tayari kumweleza mmoja alichosema mwenzake. Hakuna aliyeniuliza. Nikafumba mdomo, nikarudi hatua mbili nyuma.